Maswali ya Wasomaji: Nataka Kuandikia Jarida la Mipango Miji, Nianzie Wapi?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaotaka kushika kalamu wenyewe: wanafunzi, watendaji wa mitaa, mafundi wa upimaji. Tunawakaribisha kwa mikono miwili. Anayeujua mtaa wake kwa miguu ana mambo ambayo hayamo katika ripoti yoyote.

Nimemaliza shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ni kurasa 140 kuhusu makazi ya pembezoni mwa mji. Niwatumie sura ya nne? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yetu. Sura ya tasnifu huandikwa ili watahini waridhike kwamba umesoma. Msomaji wa jarida anataka kujua nini kimetokea mahali fulani na kwa nini. Chukua swali moja tu. Badala ya "changamoto za ukuaji wa miji ya pwani", tuandikie kuhusu barabara moja iliyochorwa upana wa mita 12 kwenye mchoro, na leo gari la zimamoto halipiti. Nani alijenga ndani ya hifadhi ya barabara? Kibali kilitolewa? Aliyepaswa kuzuia alikwama wapi?

Anza kwa kututumia wazo lako katika maneno 150 hivi: swali, jina la mtaa, ushahidi ulio nao mkononi, na picha au ramani zilizopo. Tukikubaliana, makala iwe maneno 1,200 hadi 1,500. Mapitio ya maandiko yaache yote. Kama utafiti ulifadhiliwa, au data mlikusanya wengi, pata ruhusa yao kwa maandishi kwanza. Na kama habari hiyo hiyo umeipeleka kwenye jarida la kitaaluma, tuambie mapema, maana baadhi yao hukataa kazi iliyokwisha kuchapishwa kwingine.

Ramani yangu ya nyumba zilizo kandokando ya Mto Msimbazi imerudishwa mara mbili. Kosa liko wapi? (Msomaji, Ilala, Dar es Salaam)

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ramani ndiyo inayoaminiwa kuliko maneno, na ikikosea inaumiza watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inaweka mita 60 za kinga kandokando ya mito. Mita hizo zinahesabiwa kutoka ukingoni. Waandishi wengi huchukua mto uliochorwa kama mstari mmoja, kisha wanaiamuru programu ipime mita 60 kila upande wa mstari huo. Mstari huo unapita katikati ya maji. Mto ukiwa na upana wa mita 20, umeshapoteza mita 10 kila upande, na nyumba iliyo ndani ya kinga inaonekana iko nje. Chora kingo zote mbili kutoka kwenye picha ya anga, ndipo upime. Andika na tarehe ya picha hiyo, kwa sababu Msimbazi hula kingo zake kila mvua kubwa ikinyesha. Ukingo wa miaka mitano iliyopita huenda leo ni maji.

Kosa la pili ni skeli. Usiandike "1:5,000" peke yake. Msanifu wa kurasa akiipunguza ramani ienee kwenye safu, namba hiyo inageuka uongo. Weka mstari wa skeli wenye alama za mita, nao utapungua pamoja na ramani. Ongeza mshale wa kaskazini, ufunguo na chanzo. Ukitumia data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kuwataja wachangiaji wake ni sharti la leseni. Na usitenganishe maeneo kwa nyekundu na kijani tu: wapo wasiozitofautisha rangi hizo, na wapo wanaotoa nakala nyeusi na nyeupe. Tumia mistari na nukta pia.

Mhariri amekataa hesabu yangu kwamba Dar es Salaam inakua kwa asilimia 2.3 kwa mwaka. Nimetumia sensa, sasa tatizo nini? (Msomaji, Morogoro)

Takwimu zako ni sahihi, hesabu siyo. Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Ongezeko ni asilimia 23.4 kwa miaka 10, nawe umegawanya kwa 10. Lakini kila mwaka ongezeko linahesabiwa juu ya watu waliokwisha kuongezeka, kwa hiyo jibu ni asilimia 2.1 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ukiitumia kukadiria mahitaji ya maji au shule ya miaka 20 ijayo, inakua.

Msongamano nao una mtego wake. Kata yenye watu 30,000 na hekta 300 ina watu 100 kwa hekta. Ikiwa hekta 120 ni bonde na kiwanda, watu wanaishi kwenye hekta 180, yaani 167 kwa hekta. Hesabu zote mbili ni halali, mradi useme umegawanya kwa eneo lipi.

Halmashauri imeninyima mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu. Niandike bila huo? (Msomaji, Kinondoni)

Usiandike bado. Omba kwa maandishi, utaje mchoro kwa namba yake kama unaijua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka huo huo, ni siku 21. Ukikataliwa, tarehe na sababu ya kukataliwa ni sehemu ya makala. Ukiupata, soma uidhinishaji wake. Mchoro ulioidhinishwa, viwanja vilivyopimwa na hati zilizotolewa ni hatua tatu tofauti, na wakazi wanaweza kukaa miaka mingi kwenye ya kwanza.

Picha za simu mnapokea? (Msomaji, Mwanza)

Tunapokea. Picha ya upana wa sentimita 18 ukurasani inahitaji pikseli 2,126 hivi. Ukiituma WhatsApp itume kama hati, kwani ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Zima kwanza alama ya mahali kwenye kamera ikiwa unapiga nyumba zenye mgogoro wa ardhi au zilizowekewa alama ya X ya kubomolewa, na muombe mwenye nyumba ruhusa. Namba ya kiwanja na jina lililo kwenye hati vifiche kabla ya kututumia, siyo baada.