King'ora hakipunguzi tani: daraja bovu na gari la zimamoto

Mkuu umeuliza kama gari la zimamoto linaruhusiwa kupita kwenye daraja lenu lenye kibao cha tani 10 kwa vile ni dharura. Nimeendesha hayo magari miaka kumi na kitu kabla sijastaafu, ngoja nikujibu. Daraja halijui dharura ni nini. Chuma kilicholiwa na kutu kinabeba kinachoweza kubeba, uwe na king'ora au lori la mkaa.

Piga hesabu ya maji kwanza, lita 1 ni kilo 1. Gari letu lilikuwa na tenki la lita 5,000, hizo tani 5 tayari, na lenyewe tupu na pampu na vifaa lilikuwa tisa na ushee. Jumla 14 na kitu. Ambulansi ya Land Cruiser ni kama tani 3 hivi, hiyo inapita bila shida, ndo maana watu wanajidanganya eti "mbona ambulansi inapita".

Sa usiku mmoja tukaitwa, mashine ya kusaga inaungua ng'ambo ya mto, tumefika darajani kibao kinasema 10, mbao za juu zimelika mpaka unaona maji chini, na kuzunguka ni kilomita thelathini na kitu za vumbi. Wananchi wanapiga kelele vukeni vukeni! Kiongozi wetu akasema mwaga maji. Yote, maana ukibakiza nusu tenki yanayumba, ukigusa breki yanakusukuma mbele. Tukamwaga, wenzangu wakashuka wakavuka kwa miguu, mi nikapita peke yangu gia ya kwanza, kati kati kabisa, bila kusimama. Nilikuwa nasikia mbao zinalia.

Tukajiona wajanja, si tuko mtoni, tutanyonya maji upande wa pili. Ilikuwa kiangazi bwana. Vidimbwi tu na mchanga, tumetupa bomba dakika tano chujio limeziba matope. Tumefika kwenye moto na gari tupu, watu wanatutukana, na kwa kweli wana haki. Mashine iliteketea.

Na usidhani ni shida ya kwetu tu, mdogo wangu anaishi London, kuna daraja la Hammersmith la mwaka 1887, walikuta nyufa wakafunga magari yote April 2019, yaani na ambulansi nazo zinazunguka. Wazungu na pesa zao.

Kilichotusaidia baadae hakikuwa daraja jipya (hilo TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanajua wenyewe lini), ni kijiji kuweka simtanki la lita 10,000 shuleni ng'ambo na pampu ndogo ya kubeba. Gari linavuka tupu, linajaza kule.

Kwa hiyo wewe cheki hivi: mto wenu una maji mwaka mzima? Kama yapo, tafuta sehemu upande wa pili gari linaweza kusogea hadi ukingoni, na kutoka pampu mpaka kwenye maji isizidi mita 6 kwenda chini maana zaidi ya hapo kunyonya kunakuwa tabu. Ukiipata mpeleke kamanda wa kituo chenu aione kwa macho yake, mchana, akiwa na dereva. Na mpige picha hicho kibao, wakibadilisha namba mumwambie siku hiyo hiyo.