Vyura wa vijito vya milimani, mbona mayai yao hayasombwi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi ni mama, nakaa Mwandiga hapa Kigoma. Kijana wangu wa darasa la sita kaona kwenye simu vyura wa mtini wa Australia wanaokaa kwenye vijito vya milimani, tangu siku hiyo haniachi, anauliza maji yanashuka kwa kasi vile mbona mayai hayasombwi? Na kwetu vyura wa mtini wapo?

JIBU: Mama asante sana, na kijana mpe hongera zake. Mayai hayasombwi kwa sababu hayaachwi juujuu, yupo mmoja wa madoadoa anaitwa Litoria spenceri, wa milima ya kusini-mashariki mwa Australia, yeye anaenda kuyataga chini ya jiwe kubwa humohumo kijitoni, yananata pale kwa ute wake. Halafu kuna ndugu zake wa kwenye maporomoko ya Queensland, viluwiluwi vyao vina mdomo mpana wa kunyonya, kinang'ang'ania mwamba kwa mdomo huohuo, maji yanapita juu kwa nguvu zote na chenyewe kinakwangua mwani taratibu, yani hapo ndo huwa nachoka kabisa.

Ila wamepata shida jamani. Watu walipandikiza samaki wa kigeni, trauti, wakawa wanakula viluwiluwi. Ukaja na ugonjwa wa kuvu wa ngozi, na chura anakunywa maji kwa ngozi na anapumua nayo pia, kwahiyo ikiugua chumvi za mwilini zinavurugika mpaka moyo unasimama. Litoria lorica, mmoja wa hao wa maporomoko ya Queensland, hakuonekana tangu 1991 watu wakajua kaisha, 2008 akapatikana tena, nikikumbuka nafurahi mpaka leo.

Kwetu Tanzania wa mtini wapo, kuna wanaopiga povu kwa miguu ya nyuma kwenye tawi juu ya maji, mayai yanakaa humo, viluwiluwi vikiwa tayari vinadondoka. Chura wa Kihansi si wa mtini lakini naye aliishi kwa manyunyu ya maporomoko, mradi wa umeme ulipochukua maji mwaka 2000 manyunyu yakapungua mno, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Inauma.

Kijana akitaka kuwatafuta muende wote na tochi jioni baada ya mvua, mikono isiwe na sabuni wala dawa ya mbu, na akiinua jiwe kijitoni alirudishe vilevile lilivyokuwa, huwezi jua chini yake kuna nini kimetagwa.