Maswali ya Wasomaji: Kiu, Choo na Hesabu ya Bilauri Nane

Barua nyingi tulizopokea katika miezi hii ya joto zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: maji ya kunywa yatoshe vipi, na yule asiyeyanywa afanywe nini. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa makusudi.

Shikamoo mshauri. Nina miaka 34, nauza vitenge Kariakoo. Natoka nyumbani Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mchana sinywi maji kabisa, kwa sababu choo kiko mbali, kinalipiwa shilingi 300, na meza yangu haina wa kuiangalia. Mwaka huu nimetibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu. Jirani yangu wa meza anasema ni kwa kuwa sinywi bilauri nane kwa siku. Je, ni kweli?

Marahaba, dada. Jirani yako amepatia nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye uzito.

Tuanze na zile bilauri nane. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima ahitaji takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku, ikaongeza papo hapo kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari katika chakula. Watu wakaishika sentensi ya kwanza na kuisahau ya pili. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kipimo cha lita mbili kwa mwanamke na lita mbili na nusu kwa mwanamume, na humo imehesabiwa chai, maziwa, mchuzi, matunda na hata maji yaliyomo katika wali na ugali. Hivyo hakuna idadi ya bilauri iliyoandikiwa kila mtu. Lakini vipimo hivyo ni vya watu wasiofanya kazi nzito, katika hali ya hewa ya wastani. Wewe unayesimama chini ya bati la Kariakoo mwezi wa pili unatoka jasho tangu asubuhi hadi jioni, na jasho hilo halina budi kulipwa.

Kipimo chako cha kweli ni mkojo. Ukiwa na rangi hafifu kama ya maji yaliyokamuliwa ndimu, unakunywa vya kutosha. Ukifanana na chai ya rangi, ukawa mchache na wenye harufu kali, mwili unabana matumizi. (Anayemeza dawa za kifua kikuu au vidonge vya vitamini asishtuke, kwa sababu hivyo hubadilisha rangi bila kuhusiana na maji.)

Sasa tuje kwenye UTI. Vijidudu vinavyoisababisha huingia katika njia ya mkojo kutoka nje, na njia hiyo kwa mwanamke ni fupi sana. Mkojo unapotoka mara kwa mara huvikumba na kuvitoa, lakini unapozuiwa kuanzia alfajiri hadi usiku, vijidudu hupata muda wa kuzaliana kibofuni. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua ugonjwa huu mara kwa mara na kunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu kila siku, wengine waendelee na mazoea yao. Katika miezi 12, walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, na wasioongeza mara 3.2. Ni tofauti ya karibu nusu, na iliyoileta ni maji tu.

Hata hivyo, dada yangu, naona shida yako haikuanzia kwenye maji. Imeanzia chooni. Nimewahi kukaa asubuhi nzima na rafiki yangu anayeuza samaki sokoni, nikamwona akilowesha midomo kwa kifuniko cha chupa, kisha akakifunga. Chupa ilikuwa imejaa, na kiu alikuwa nayo. Alichokuwa akikiogopa ni safari ya kwenda kuchuchumaa penye sakafu iliyofurika, huku samaki wake wakibaki peke yao. Wanawake wengi wa sokoni wanaishi hivyo, na si wao tu: makondakta wa kike, walimu wa shule zenye choo kimoja cha walimu, askari wa usalama barabarani. Kumwambia mtu wa namna hiyo "kunywa maji mengi" bila kumuuliza atajisaidia wapi ni kumpa nusu ya ushauri.

Fanya hivi. Kunywa nusu lita unapoamka, ujisaidie kabla ya kupanda daladala. Ukifika, weka chupa ya lita moja mezani, uigawe kati ya asubuhi na alasiri kwa mafunda, maana maji yakinywewa kwa mkupuo hukimbilia kibofuni. Panga safari mbili za choo, moja kabla ya saa sita na nyingine baada ya chakula, na muwekeane zamu na huyo jirani yako: yeye aangalie vitenge vyako, nawe uangalie mali yake. Kwa safari mbili utatumia shilingi 600, nami sisemi kwamba ni fedha ndogo, ila ilinganishe na gharama ya kipimo, dozi na siku mbili za kufunga meza. Safari hii pia usitibiwe kwa kukisia dukani. Omba mkojo uoteshwe maabara, kwa kuwa kuugua mara tatu katika mwaka mmoja kunatosha kutaka kujua ni kijidudu gani na dawa ipi inakiua. Ukipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au damu kwenye mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni kijana wa Morogoro. Nilisoma kwamba kunywa lita nne za maji ya uvuguvugu kabla ya kifungua kinywa kunasafisha figo na kutoa sumu. Nimefanya wiki mbili, ila naumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Je, hiyo ndiyo sumu inayotoka?

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba uache leo.

Figo si sufuria ya kusuguliwa. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, zikarudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho tunachokiita mkojo. Kazi hiyo zinaifanya iwe umekunywa maji ya uvuguvugu au ya mtungini. Kisichowezekana kwa figo ni kutoa zaidi ya takriban lita moja kwa saa. Ukimimina lita nne kwa mfululizo, yanayozidi hubaki katika damu na kuizimua chumvi yake, maji huhamia ndani ya seli, na seli za ubongo, zilizofungiwa ndani ya fuvu, zinapovimba hazina pa kwenda. Kichwa chako na kichefuchefu chako vinaweza kuwa dalili za mwanzo za hali hiyo. Ikizidi huja kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni mwa mbio za marathoni za Boston, Marekani, za mwaka 2002 walionyesha jambo hilo: 13 katika kila 100 walikuwa na chumvi pungufu, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno njiani hadi wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Maumivu yakiendelea baada ya kuacha, nenda kituo cha afya ukaeleze ulichokuwa ukifanya, bila kuficha idadi ya lita.

Mama yangu ana miaka 78, anaishi Muheza. Mwezi Januari tulimkuta anaongea maneno yasiyoeleweka, ulimi umekauka. Zahanati walimwekea dripu, jioni akarudi katika hali yake. Maji hataki, anadai yanamjaza tumbo, hunywa chai tu. Anatumia dawa za presha. Tumfanyeje?

Poleni, na nipeni nafasi nimtetee kidogo mama. Umri unapokwenda, kiu hufifia. Mwili wake unaweza kuwa na upungufu wa maji bila kumpa taarifa, kwa hiyo akikwambia hana kiu anasema kweli. Papo hapo figo zake hazina tena uwezo wa ujanani wa kubana maji, na baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kukojoza. Ongeza joto la Januari, na upungufu huo huweza kuvuruga akili kwa siku moja tu. Dalili za kuangalia ni mkojo mchache wenye rangi kali, kinywa kikavu, kizunguzungu anaposimama na choo kigumu. Kuivuta ngozi ya mkono ili kuona kama itarudi hakusaidii kwa mzee, kwa kuwa ngozi yake imelegea hata akiwa amekunywa vizuri.

Kabla ya kumwongezea chochote, mwulize daktari wake kuhusu moyo na figo, kwani wapo wagonjwa wanaotakiwa kupunguza maji. Akiruhusu, msimpe bilauri kubwa. Mpeni nusu kikombe kila saa au saa na nusu, na kila anapomeza dawa. Chai yake ihesabiwe, maana chai ya kawaida huingiza maji mengi kuliko inavyoyatoa, ila punguzeni sukari. Uji mwepesi, mchuzi, na machungwa, ambayo kwenu Muheza hayana shida kupatikana, yote ni maji. Mengi yaingie kabla ya magharibi, kwani wazee wengi hujinyima maji kwa hofu ya kuamka usiku na kuanguka gizani. Taa ya njiani na ndoo kando ya kitanda vitasaidia.

Marehemu bibi yangu aliyakataa maji ya jagi la plastiki kwa miezi. Mjukuu mmoja akamtafutia mtungi, akaufukiza ubani kama alivyozoea usichana wake, akaweka kata juu yake. Siku hiyo alikunywa kata mbili, akaomba ya tatu.

Sisi tunaishi Arumeru. Maji ya hapa yanaharibu meno ya watoto, kwa hiyo nimewapunguzia kunywa, na hayo machache nayachemsha sana. Je, nafanya sawa?

Wasiwasi wako una msingi, lakini dawa uliyoichagua inawaumiza mara mbili. Kinachotia meno rangi ya kahawia ni floridi, aina ya madini inayotoka katika miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi yote hubaki sufuriani, hivyo yale machache wanayokunywa yamekolea zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Watoto wasipunguziwe maji, wabadilishiwe. Kusanyeni maji ya mvua kwa mfereji wa bati, mkiacha mvua ya kwanza ioshe paa, na myatumie kwa kunywa na kupikia tu; haya myachemshe, kwa ajili ya vijidudu. Ya kisimani yabaki kwa kufulia na kuoga. Kiangazi kikizidi, ulizeni kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floridi, ambavyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimevishughulikia kwa miaka mingi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaacheni, kwa kuwa yana floridi hiyohiyo. Mwenye kutangulizwa maji ya mvua yakiwa hayatoshi wote ni mtoto aliye chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi.