Ukifungua karakana kwa majirani, waonyeshe kazi ambayo haijaisha

Fundi akialika majirani waje kuona kazi zake, kawaida hupanga vilivyokamilika mezani, anasimama nyuma ya meza, anangoja. Watu wanapita, wanatoa hongera, wanaondoka. Ubora wa kazi si tatizo. Kitu kilichokamilika hakimwachii mgeni pa kuanzia kuuliza. Kiweke kile kile kando yake kikiwa nusu, utasikia: mstari huu wa penseli wa nini? Kwa nini hapa umeacha ubao mnene?

Basi wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe, acha kazi kadhaa njiani kwa makusudi. Chagua kitu kimoja unachokitengeneza hata usiku wa giza, ukigawe hatua tano, na kila hatua ibaki na kipande chake. Kwa mchonga miko ni kipande cha gogo kilichopasuliwa, ubao uliochorwa umbo, umbo lililokatwa likiwa na makovu ya kisu, mwiko uliopigwa msasa upande mmoja tu, na mwiko uliopakwa mafuta. Watu watakawia zaidi kwenye ule wa nne, maana kidole kinapita kutoka upande unaokwaruza hadi upande laini na kuelewa bila maelezo. Mchoraji naye atoe michoro ya majaribio, pamoja na mmoja ulioharibika, aseme uliharibikia wapi.

Vipande hivyo vishikwe. Vya kutazamwa tu viweke meza nyingine kabisa, ukutani, nyuma ya meza ya kazi. Ukichanganya utalazimika kubandika "usiguse" kila mahali, na mgeni akiona maandishi hayo mara mbili hagusi tena hata anachoruhusiwa.

Kuhusu mafuta, jambo moja lisilosubiri: matambara yaliyolowa mafuta ya mbegu za kitani yakikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha joto yenyewe yanapokauka, na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Lifanye hilo siku moja kabla, karakana ikiwa bado haina watoto.

Kufanya kazi mbele ya watu kusizidi dakika 20 kwa mara moja. Rudia kila saa, kila kundi lisizidi watu 12 waliokaa nusu duara. Kaa kwa namna ambayo mkono unaofanya kazi hauzibi kazi yenyewe. Anayetumia mkono wa kulia awaweke wageni upande wake wa kushoto, na taa itoke huko huko. Mashine yenye kelele haitaki maelezo inapozunguka. Eleza kwanza, iwashe dakika moja, izime, kisha jibu maswali. Funga kamba mita mbili kutoka kwenye mashine inayorusha vipande, na miwani ya kinga vaa wewe kwanza, maana watoto huiga wanachokiona.

Wakishaona watataka kujaribu, na hapa ndipo siku nyingi zinapoharibika. Kisu kikali mikononi mwa mgeni ni hatari. Mpe msasa namba 120 kisha 240 amalizie kipande ulichokata wewe, na barakoa ya vumbi. Gurudumu la mfinyanzi nalo huwavunja moyo wageni: kuweka udongo katikati tu kunataka mazoezi ya wiki nyingi, na foleni nyuma yake inasimama. Bakuli la kufinya kwa vidole linamfaa kila mtu, mtoto wa miaka mitano na babu yake.

Pima mabonge ya gramu 250 hadi 300, yanayojaa kiganja, uyafunike kwa plastiki yasikauke. Kwa watu 20 hiyo ni kilo sita. Andaa nane, kwa sababu wapo watakaoanza upya. Mgeni anazamisha kidole gumba katikati ya bonge na kuacha sentimita moja chini, kisha anafinya huku akilizungusha. Ukuta ubaki milimita 6 hadi 8. Usiweke bakuli la maji mezani. Anayeanza akiona ufa mdogo mdomoni anamwagia maji, udongo unalegea, ukuta unaanguka. Kitambaa chenye unyevu cha kulowesha ncha ya kidole kinatosha. Anayetaka kubandika mkono wa kikombe achanje pande zote mbili kwa uma, apake udongo uliolainishwa kama uji mzito, abonyeze. Bila kuchanja, mkono hubanduka ukikauka. Jina liandikwe kwa msumari chini ya chombo wakati udongo ungali laini. Msaidizi mmoja awahudumie watu watano au sita, zaidi ya hapo anakuwa mgawa mabonge tu.

Kabla hawajaondoka, waambie ukweli kuhusu tanuri la kuchomea vyombo. Vyombo vitakaa chini ya plastiki iliyolegea siku tatu au nne, kisha wazi wiki nzima, na zaidi ikiwa hewa ina unyevu. Gusisha chombo shavuni. Kikiwa baridi, ndani bado kuna maji. Wengi hulaumu mapovu ya hewa chombo kinapopasuka tanurini, lakini kinachopasua ni maji yanayogeuka mvuke kwa ghafla na kukosa njia ya kutoka. Kwa sababu hiyo joto lishikiliwe chini kidogo ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa kabla ya kupandishwa, hasa vyombo vya wageni ambavyo unene wake haulingani. Hata hivyo kimoja au viwili vinaweza kupasuka. Ukisema mapema wanaelewa. Ukisema baadaye, hata kama ni kweli tupu, inasikika kama kisingizio.

Picha za ukutani hazina mengi. Kitovu cha picha kiwe takriban sentimita 147 kutoka sakafuni. Kosa la kila siku ni kupigilia msumari kwenye kimo hicho hicho, picha ikaning'inia chini ya ilipokusudiwa. Hesabu yake: nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya ukiwa umevutwa, jumlisha 147. Fremu ya sentimita 60 yenye waya sentimita 8 chini ya ukingo inataka msumari kwenye 169. Misumari miwili badala ya mmoja huzuia picha kuinama kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Kazi za rangi ya maji zisitazame dirisha lenye jua, rangi yake ikishapauka hairudi.

Karatasi ya maelezo iwe na jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo (kimo kwanza, kisha upana) na bei. Kama haiuzwi, andika haiuzwi. Watu wengi huona haya kuuliza bei, na mwenye haya huondoka kimya.

Swali ambalo halikosekani ni "Ilikuchukua muda gani?" Usijibu "muda mrefu." Andika saa zako kweli kweli wiki hizo tatu, ujibu kwa vipande: kuchora saa mbili, kukata saa tano, msasa saa tatu, kukauka siku nne. Bei uliyoiandika pale inaanza kujieleza yenyewe. Ukitaka kupiga picha za wageni, omba ruhusa. Kwa watoto, kwa wazazi wao.

Tarehe ya kuchukua vyombo itangazwe siku hiyo hiyo, iwe Jumamosi moja yenye saa maalumu, si "pitieni wakati wowote." Tanuri likishafunguliwa, panga vyombo kwa herufi ya kwanza ya jina, chini kikiwa juu ili maandishi yasomeke, na vilivyopasuka weka vipande vyake kwenye mfuko wenye jina la mwenyewe. Kando ya mifuko hiyo acha mabonge machache ya udongo uliokwisha kandwa.