Utamaduni Unasingiziwa Mengi

Swali la wiki: "Tofauti za utamaduni zinaathiri vipi biashara kati ya nchi na nchi, na mfanyabiashara ajiandae vipi?"

Mhariri, mimi ni mkalimani wa mikutano ya biashara, mwaka wa kumi na moja sasa, na swali lenu limenigusa penyewe. Biashara ikivunjika, mtu wa kwanza kuvutwa pembeni ni mimi: "Hivi hawa watu kwao ndivyo walivyo?" Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba utamaduni haukuhusika kabisa. Bei ilikuwa juu, mzigo ulichelewa, au mtu hakusoma mkataba. Ila kusema "utamaduni wao mgumu" kunamwondolea kila mtu lawama, basi tunaagana kwa amani.

Vijitabu vya adabu navijua. Ukiwa Japani pokea kadi kwa mikono miwili, kwa Waarabu usimwelekezee mtu nyayo za viatu, na kadhalika. Sivibezi, ni heshima tu. Lakini sijaona hata siku moja mauzo yakifa kwa sababu mgeni alipokea kadi kwa mkono mmoja. Mgeni husamehewa.

Chukueni kisa kinachopendwa kuliko vyote, cha Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, nchini Ujerumani. Iliingia mwaka 1997 kwa kununua maduka makubwa ya huko, na mwaka 2006 ikafunga virago, ikauza maduka 85 kwa kampuni ya Metro baada ya hasara ya takriban dola bilioni 1. Kinavyosimuliwa, kilichoiponza ni tabasamu: wafanyakazi waliagizwa kuwachangamkia wateja, na wateja Wajerumani wakahisi wanachezewa. Ni kisa kitamu. Nami nimewahi kukipamba nilipokisimulia. Lakini tabasamu halili dola bilioni 1. Aldi na Lidl, kampuni za maduka za Wajerumani wenyewe, zilikuwa zikiuza kwa bei ya chini miaka mingi kabla Walmart haijafika, kwa hiyo bei ya chini, silaha kuu ya Walmart, haikumtisha mtu. Mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliiamuru, pamoja na Aldi Nord na Lidl, iache kuuza baadhi ya vyakula vya msingi chini ya gharama. Mwaka 2005 mahakama ya kazi ya Wuppertal ikapinga sehemu za kanuni za maadili zilizoletwa kutoka makao makuu Marekani, ikiwemo ile iliyobana mapenzi kati ya wafanyakazi. Sheria ya Ujerumani inawapa wafanyakazi baraza lao, na mwajiri hawezi kupanga mwenendo wa watu kazini bila kulishirikisha.

Mtaniuliza kama baraza la wafanyakazi nalo si utamaduni. Ni utamaduni, tena wa ndani sana. Lakini umeandikwa, una vifungu, na mwanasheria wa huko angeweza kukusomea wote kwa alasiri moja. Jambo hilo halinitoki akilini: mengi yaliyowagharimu wageni hawa yalikuwa wazi kwenye karatasi, huku wao wakihangaika na namna ya kumsalimu mteja mlangoni.

Kampuni za magari Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani zilipoungana mwaka 1998, dunia iliambiwa ni muungano wa walio sawa. Ulipoanza kupwaya, maelezo yakawa yale yale: Wajerumani wanapenda taratibu, Wamarekani wanapenda kujiamulia. Kisha mwaka 2000 mkuu wa kampuni, Jürgen Schrempp, akaliambia gazeti la Financial Times kwamba Chrysler kuwa kitengo ndani ya kampuni ndio mpango alioutaka tangu mwanzo. Ukiozwa kama mke kisha ukagundua umeletwa kuwa mtumishi, utanuna hata kama mwenzako mmezaliwa naye mtaa mmoja. Mwaka 2007 Daimler iliuza zaidi ya asilimia 80 ya Chrysler.

Upande wa pili kuna kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982; wafanyakazi wake walisifika kwa utoro, ulevi kazini na ugomvi na mameneja. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa wale wale, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi. Toyota iliwapeleka mamia yao Japani kujifunza, ikawapa kamba ya kuvuta ili kusimamisha mstari wa kazi mtu akiona kasoro, jambo ambalo awali lingemfukuzisha mtu. Muda si mrefu ubora wa magari ukapanda na utoro ukashuka. Kama utamaduni ungekuwa damu, hilo lisingewezekana. Walichobadilishiwa ni namna ya kuongozwa.

Na hongo, kwa kuwa najua wasomaji wengine wataitaja. Huwa tunaambiwa kwamba "huko ndivyo wanavyofanya". Lakini mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, Ujerumani iliruhusu kampuni zake kuhesabu hongo zilizotolewa nje kama gharama za biashara wakati wa kukokotoa kodi. Mpokeaji ndiye aliyekuwa akibebeshwa utamaduni, mtoaji anapewa nafuu ya kodi.

Baada ya kusema yote hayo, nikikana kabisa nguvu ya utamaduni nitakuwa mwongo, na ushahidi wangu mkubwa ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini, mnunuzi Mjapani alimsikiliza muuzaji saa nzima, akiitikia "hai, hai" kila penye pumzi. Mwishoni akasema "kentō shimasu". Kamusi inakuambia: tutalitafakari. Nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, nikaona nimefanya kazi safi. Muuzaji alitoka uso umemng'aa. Alishahesabu "ndiyo" zaidi ya thelathini, na sasa ameambiwa suala lake linatafakariwa! Akaiweka shehena kando, akamkatalia mnunuzi mwingine, akasubiri. Wiki ya saba akanipigia simu kuniuliza kama ile kampuni ilikuwa imefilisika.

Haikuwa imefilisika. "Hai" zile, ambazo kamusi inazipa maana ya "ndiyo", zilikuwa na maana ya "nakusikia, endelea". Na "tutalitafakari", likisemwa kwa sauti ile na katika hali ile, ndiyo "hapana" yenyewe, imefungwa kitambaa laini ili isimuumize mtu. Tatizo ni kwamba si kila mara. Zipo siku linamaanisha kutafakari kweli. Mimi nilipeleka maneno, ujumbe nikauacha chumbani.

Kuna la ziada nililolielewa baadaye. Yule bwana hakuwa na uwezo wa kukubali pale mezani hata angependa. Katika kampuni nyingi za Kijapani uamuzi huandaliwa kabla, kwa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja. Wanaliita nemawashi, neno la watunza bustani: kuchimba taratibu kuzunguka mizizi kabla ya kuhamisha mti. Kisha hati huzungushwa ofisi hadi ofisi ikigongwa mihuri. Mkutano unakuja mwishoni, kuthibitisha kilichokwisha kukubaliwa. Muuzaji wangu alikuja na mamlaka ya kusaini siku ile ile, akadhani aliyekaa mbele yake anayo pia. Walikuwa kwenye mikutano miwili tofauti ndani ya chumba kimoja.

Hapa ndipo ninapouona utamaduni ukiuma: katika kujua jambo linahesabiwa limeamuliwa lini, na nani. Hilo halimo kwenye vijitabu, wala takwimu za mataifa hazilimalizi. Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi, alipanga nchi kwa tabia za kazi akitumia dodoso zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM. Nimezitumia alama zake kujiandaa na zinasaidia kiasi, lakini ni wastani wa watu, na mimi mbele yangu nina mtu mmoja.

Kuhusu kujiandaa, wafanyabiashara wenyewe walishapunguza sehemu kubwa ya utata. Mwaka 1936 Chemba ya Kimataifa ya Biashara ilitoa istilahi zinazoitwa Incoterms, za kuonyesha nani anabeba gharama na hatari ya mzigo hadi wapi; toleo la 2020 lina istilahi 11. Mkiandika mojawapo, FOB, na jina la bandari, wote mnajua hatari ya mzigo inahama kutoka kwa muuzaji ukishapakiwa melini, msalimiane mnavyotaka. Andikeni mwezi kwa jina, kwa maana 03/04 kwa Mmarekani ni Machi na kwa Mwingereza ni Aprili. Kubalianeni mapema mgogoro utaamuliwa wapi; Mkataba wa New York wa 1958 unafanya uamuzi wa usuluhishi utekelezeke katika nchi nyingi.

Kwa yale yasiyoandikika, siku hizi nikisikia "kentō shimasu" natafsiri maneno, kisha naomba ruhusa ya kuuliza swali moja: "Nani mwingine anapaswa kuliona hili, na lini tuwasiliane tena?" Wakalimani wenzangu wengine wanasema navuka mpaka wa kazi, na huenda wako sahihi. Nikipewa jina na tarehe, namwambia muuzaji asubiri. Nikipewa tabasamu na shukrani kwa safari ndefu, namwambia shehena aiuze kwingine.