Nimependekezwa baraza la wazee la kata, niingie au nitapotezewa muda?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 61, nesi mstaafu, nakaa Rau hapa Moshi. Juzi mtendaji wa kata kanipigia anasema jina langu limependekezwa kuingia baraza la wazee, kujitolea. Mzee wangu anacheka, eti nimestaafu kazi ya mshahara naenda kutafuta isiyo na mshahara. Mimi moyo unataka, ila naogopa nisije nikawa wa kuvalishwa tisheti tarehe 1 Oktoba Siku ya Wazee, tunapiga makofi, mgeni rasmi anaondoka basi. Hili baraza lina kazi gani hasa?
Mama M., Moshi

JIBU: Shikamoo mama, na hongera ya kustaafu. Kwenye hela baba yuko sahihi, mshahara hamna, labda nauli na chai siku mkiitwa halmashauri na hiyo nayo sio ya kuitegemea. Ila mimi nasema ingia, na sababu yangu kubwa ni huo unesi wako.

Haya mabaraza yametokana na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, yanaanzia mtaani au kijijini yanapanda kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Ni ya ushauri tu. Hayana fungu, hayawezi kumwajibisha mganga wala kugawa mchele, na wajumbe wengi wakishagundua hilo kikao kinachofuata huwaoni. Mi naona wanakosea, maana kazi yenyewe ni kuangalia huduma inavyomfikia mzee alafu kuliandika na kulipeleka kwa mwenye fungu.

Chukulia matibabu. Utaratibu ni mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na hapo kwenye "asiye na uwezo" ndipo ugomvi wote ulipo, kuna wanaodhani ni kila mwenye mvi na kuna watu wa mapokezi wanajifanya hawajawahi kusikia. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, dirishani wamebandika karatasi MZEE KWANZA kwa selotepu, na kweli bibi mmoja akapitishwa kwanza, akatoa kadi yake ya presha kwenye mfuko wa nailoni, daktari kamwona vizuri tu, kufika dirisha la dawa anaambiwa hii hamna bibi, kanunue nje. Hakubisha, akairudisha kadi kwenye nailoni akatoka. Sasa mtu akisimama kikaoni akasema wazee wanateseka, wote wataitikia kwa kichwa na yameisha. Ila wewe nesi unajua kuuliza ni dawa gani, imekosekana tangu lini, iliagizwa haikuja au haikuagizwa kabisa, na barua ya hivo ikimfikia mganga mkuu wa halmashauri hawezi kuijibu kwa salamu.

Jingine ni makaratasi. Kule Kibosho na Old Moshi unakuta bibi kabaki peke yake kihambani na migomba, watoto wako Dar wanakuja Disemba, kitambulisho cha matibabu hana kwasababu siku ya kuandikisha hakuna aliyempa habari, na umri wake ushahidi pekee ni cheti cha ubatizo kiko chini ya godoro. Hata Rau kwenu wapo. Mjumbe anayezijua hizo nyumba akamfikisha afisa ustawi wa jamii mpaka mlangoni, huyo kafanya kazi.

Utaulizwa sana pensheni. Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa, huku bara haipo, tuna TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, ambayo inaangalia kaya maskini na sio umri. Usimwahidi mtu kitu hapo.

Kabla hujakubali muulize mtendaji muhtasari wa kikao kilichopita uko wapi na ulipelekwa kwa nani. Akianza kutafuta maneno jua baraza limelala, omba wewe ndio uwe katibu. Vikao viwe asubuhi, pombe ya mbege ikishaingia muhtasari hauandikiki (wazee wangu mnisamehe). Na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini bajeti inapikwa miezi kadhaa kabla, kwahiyo hoja yenu ikifika Juni mtapewa pole tu, ombeni mapema mwenyekiti wenu aalikwe kamati ya maendeleo ya kata. Hiyo tisheti ya Oktoba ivae tu mama. Siku hiyo kuna risala, mgeni rasmi lazima akae aisikilize mpaka mwisho, we hakikisha umo kwenye kuiandika.

SWALI: Mambo vipi. Nina miaka 27, niko Sakina Arusha, nina kompyuta na jioni niko huru. Naweza kuwa mjumbe wa baraza la wazee?

JIBU: Ujumbe hapana, huo ni wa wazee wenyewe. Ila mtu wa kuwachapia barua na kuwasaidia kujaza fomu wanamtafuta kwelikweli. Nenda ofisi ya mtaa uulize mwenyekiti wa baraza, toa shikamoo, na siku ya kwanza sikiliza tu, mawazo yako yanaweza kusubiri. Alafu yale majina na magonjwa ya wazee utakayokuwa unachapa yabaki kwenye faili, usije ukayarusha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa hata kama nia yako ni kuwachangishia.