Kompyuta Iulize Saa kwa Wanne

Niliitwa kwenye duka moja la jumla Ngamiani, hapa Tanga, nikatoe picha za kamera. Mwenye duka, mama mtu mzima, alikuwa ameshamwambia kijana wake wa mauzo akusanye vitu vyake. Risiti ilionyesha mteja karudishiwa elfu themanini saa 15:14. Kamera ya 15:14 ilionyesha kaunta tupu. "Fundi, nitolee hiyo picha niende nayo polisi."

Nikairudisha picha taratibu. Nyuma ya mizani palikuwa na saa ya ukutani. Pembeni mwa picha pameandikwa 15:14, lakini mishale ya ile saa inasema tisa na dakika tatu. Nikasogeza mbele dakika kumi na moja. Mteja huyo hapo, na kijana anamhesabia noti nane za elfu kumi, moja baada ya nyingine. Mama alikaa juu ya gunia la sukari, akamwita: "Mwanangu, nisamehe."

DVR ile, yaani mashine inayohifadhi picha za kamera, iliwekewa saa kwa mkono siku ilipofungwa, zaidi ya mwaka nyuma. Saa ya ndani ya mashine hizi huendeshwa na kipande cha kwatzi. Kikikosea sehemu 20 tu katika milioni, jambo la kawaida kabisa, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi.

Dawa yake ni NTP, utaratibu aliouanzisha Mmarekani David Mills miaka ya 1980. Kompyuta huiuliza saa seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohudumia nyingine, hupima muda ambao swali na jibu vimekaa njiani, kisha hujirekebisha.

Zamani nilikuwa naandika seva moja, naondoka. Siku hizi sithubutu. Seva moja ikikosea unakosea nayo na hutajua. Mbili zikipishana dakika tano, utamwamini nani? Ni mashahidi wawili wanaopingana. Wa tatu ndiye anayekata shauri. Mimi naweka nne, ili moja ikizimika zibaki tatu, na mwongo mmoja bado ashindwe.

Lakini zisiwe za nyumba moja. Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili za kituo cha kuangalia nyota cha jeshi la wanamaji la Marekani, tick na tock, zilianza kutangaza mwaka 2000. Aliyekuwa na seva tatu, mbili zikiwa hizo, kwake waongo ndio waliokuwa wengi.

Kwenye Linux natumia chrony, programu ya NTP, na anwani za 0.pool.ntp.org hadi 3.pool.ntp.org. Ukiandika chronyc sources utaona orodha: yenye nyota ndiyo inayofuatwa, na iliyowekewa x imeonekana inadanganya. Nimeshaiona hiyo x zaidi ya mara moja, na saa ya mteja haikuyumba.

DVR nyingi zina nafasi ya seva moja tu. Kwa yule mama niliweka kompyuta ndogo dukani iulize seva nne za nje, kisha kamera na mashine ya mauzo zote zikaulize kwake. Kanda ya saa iwe +3, maana NTP huleta UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake.

Na kabla hujamshika mtu kwa ushahidi wa picha, simama mbele ya kamera na simu yako, fungua saa yenye sekunde, kisha uangalie pembeni mwa picha pameandikwa nini.